Ahadi ya Nerio kwa San Benito

Watoto wa Punta Mangle walikuwa na kitendawili chao, na walikitega palepale mbele ya mlango wa Maglene, wakijua kabisa kwamba yumo ndani.

"Anacheza hana ngoma, analewa hana pombe!"

"Nyumba ya Nerio!" wenzao wakajibu, kisha mbio, vumbi na kicheko.

Maglene alikuwa ameacha kuwafukuza. Zamani alitoka na ufagio, akawatukana mpaka kizazi cha tatu. Halafu siku moja akamwona kwenye kundi lile mtoto wa marehemu Osiris, ambaye baba yake alikufa kwa ugonjwa uleule alionao Nerio, mume wa Maglene, tena yeye ndiye anacheka kuwashinda wote. Maglene akarudisha ufagio ndani, na tangu siku hiyo haukutoka tena kwa kazi hiyo.

Pale kando ya Ziwa Maracaibo ugonjwa wenyewe hawaupi jina refu. Wanauita Ubaya, basi. "Fulani kaanza Ubaya," watu husema, na hakuna anayeuliza zaidi. Huanzia vidoleni, mtu akiwa bado na nguvu zake, vidole vinachezacheza vyenyewe kama vinatafuta kitu mezani. Halafu mabega, halafu miguu, halafu ulimi unakuwa mzito. Mwisho ni koo, linasahau kumeza. Hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, ukampata huyu ukamwacha yule, na aliyeachwa hajijui mpaka azeeke. Waliwahi kuja madaktari kutoka mbali, wakatoa watu damu, wakasema anayetaka kujua kama anao wanaweza kumwambia. Endrina, mtoto pekee wa Maglene na Nerio, aliwauliza kama wana dawa. Wakasema bado. "Basi mkiipata mniite," akawajibu, akaenda zake kuchambua kaa.

Ndani ya nyumba ile hapakuwa tena na kitu cha kuvunjika. Sahani za bati, vikombe vya bati, pembe za meza zimefungwa matambara. Glasi ilibaki moja tu, ina maua mekundu, ya Endrina, nayo ilikaa juu kabisa ya kabati ambako mkono wa Nerio haukufika.

Nerio mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kimepigiliwa misumari sakafuni, amefungwa shuka kiunoni ili asianguke. Mkono mmoja ulipaa, ukashuka, ukapaa tena. Kichwa kiligeuka kama anayeitwa na watu wengi kwa pamoja. Kati ya vituko vyote hivyo, macho tu ndiyo yaliyotulia, na yalikuwa yaleyale yaliyomtongoza Maglene gatini akiwa msichana.

"Haya, kitendawili," Maglene alimwambia, kijiko cha ndizi iliyopondwa mkononi.

Huu ulikuwa ujanja wake. Nerio alipenda vitendawili tangu ujana, na alipojibu "te-e-ga," mdomo ulibaki wazi pale mwishoni, na kijiko kikaingia. Mwili unaocheza kutwa nzima hula kama watu watatu. Bila vitendawili, Maglene asingeweza kumshibisha.

"Kitendawili," akarudia. "Akiwa hai kavaa buluu, akifa kavaa nyekundu."

Jibu ni kaa, na Nerio alilijua vizuri kuliko jina lake. Lakini safari hii hakusema tega. Alibana meno.

"Baba Endrina, usinifanyie hivyo. Nachelewa kazini."

Nerio akabana zaidi. Kisha kwa kazi kubwa, mate yakimtiririka, akatoa neno vipande vipande. Watu wengine wangesikia mkoromo. Maglene alisikia jina.

"Be-ni-to."

*

Mambo yalianza jana yake, Heberto alipokuja. Heberto alikuwa kapteni wa ngoma za San Benito, yule mtakatifu mweusi ambaye kila mwisho wa mwaka hutolewa kanisani na kuchezeshwa mabegani mwa watu kijiji kizima. Tena alikuwa kompadre wao, maana ndiye aliyempakata Endrina siku ya ubatizo. Alikuja na kofia mkononi, na mtu akija kwako na kofia mkononi ujue hakuleta la heri.

"Kompadre," alimwambia Nerio, akikwepa macho yake, "mwaka huu hapana. Mwaka jana ulitetereka, mtakatifu akaenda chini, mkono ukavunjika. Tumeuunga kwa gundi, lakini wazee wamesema basi."

"Anashikiliwa, anasimama," Maglene aliingilia. "Ahadi yake ni kubeba mpaka ashindwe kusimama. Sasa kama bado anasimama?"

"Anasimama, komadre? Huko ndiko kusimama?"

Hapo Nerio alipiga kelele mpaka hata kuku wa jirani wakanyamaza.

Ahadi ilikuwa ya zamani. Endrina alipokuwa kichanga aliungua kwa homa mpaka akaacha kulia, na Nerio akapiga magoti mbele ya mtakatifu: nipe mtoto wangu, nami nitakubeba kila mwaka mpaka siku nitakayoshindwa kusimama. Angesema miaka kumi, angekuwa amemaliza zamani. Lakini baba mwenye mtoto anayekufa hapimi maneno. Mtoto akapona. Na Punta Mangle yote inajua kwamba San Benito ni mcheshi, anapenda ngoma na ramu, lakini deni hasamehi. Usipolipa, anachukua alichokupa.

Ndiyo maana Nerio alibana meno. Hakuwa na kiburi wala wazimu. Alikuwa anamwogopea mwanawe.

*

"Umechelewa tena," alisema Bi Adelis, msimamizi wa banda la kaa, Maglene alipoingia anahema. "Na leo kaa meza ya nyuma. Wewe na binti yako. Mnunuzi anakuja."

"Mnunuzi ana nini na meza?"

"Usinitie maneno mdomoni, mama. Kuna watu wameambiwa mambo. Kaa nyuma."

Maglene alibeba kisu chake kidogo akaenda nyuma, kwenye harufu ya magamba. Endrina alikuwa amefika mapema, kichwa chini, anavunja makucha na kutoa nyama kwa mkupuo mmoja bila hata kipande cha gamba. Hakuna aliyemshinda kwa mikono. Ledis, mwanamke mnene aliyekaa jirani yao kwa hiari yake, akapaza sauti ili wote wasikie:

"Ubaya ungekuwa unaambukiza kwa kaa, mbona mji mzima wa Maracaibo ungekuwa unakatika viuno saa hizi!"

Banda likacheka. Hata Bi Adelis aligeukia ukuta.

"Amekula?" Ledis akauliza chini chini.

"Hajala. Jana usiku kakataa, leo kakataa. Anataka abebe."

"Na yule ni wa kukosa chakula, mifupa mitupu? Kabebe wewe. Mke na mume si mwili mmoja? Nenda kwa Heberto umkabe koo."

Endrina hakuinua kichwa. Lakini Maglene aliona masikio ya binti yake yamesimama kama ya paka.

Tuseme jambo moja kuhusu Endrina. Watoto wa nyumba zenye Ubaya hawachezi hadharani. Hakuna aliyewakataza, wanajikataza wenyewe. Kwenye harusi wao ndio wanaoosha vyombo, muziki ukipamba moto wao wako jikoni. Mikono mifukoni, au imeshika kitu. Maana wakisimama tu uwanjani, kijiji kizima kinaacha kutazama bwana harusi, kinawatazama wao vidole. Endrina alikuwa na miaka ishirini na tatu na hajawahi kucheza hata siku ya kuzaliwa kwake.

Na mama yake naye alikuwa na dhambi yake ndogo. Kila asubuhi alimpa Endrina sindano amtungie uzi. "Macho yangu, mwanangu, yamechoka." Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. Uzi ukipita mara moja, Maglene alipumua, siku ikaanza.

*

Heberto alikuwa uani kwake anakaza ngozi za ngoma kwenye moto mdogo. Maglene hakukaa alipokaribishwa.

"Nitabeba mimi."

"Komadre."

"Nina mabega. Nambeba yeye kila siku kumpeleka chooni, mtakatifu wa mti atanishinda?"

"Si mabega." Heberto aliweka ngoma chini. "Unajua kanuni kama mimi. Mwenye ahadi akishindwa, ahadi inakwenda kwa damu yake. Wewe ni mke. Ukimbeba, umebeba ya kwako, ya Nerio iko palepale."

"Basi mwache aguse ule mti tu. Wapitishe mlangoni, nimshike mkono, aguse."

"Na akiupiga? Mkono ule haumsikii, komadre. Mtakatifu akianguka mara ya pili, mimi nitaonyesha wapi uso wangu?"

Maglene alisimama hapo, anasikia ngozi ikilia taratibu kwa joto. Alijua neno linalokuja na alitamani lisije.

"Yupo Endrina," Heberto alisema.

"Endrina hachezi."

"Najua hachezi." Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Na najua kwa nini. Mimi ndiye niliyempakata."

Njiani kurudi, Maglene aliamua kudanganya. Alimkuta Nerio kiunoni shuka imelegea, jasho linamtoka, mbavu zinahesabika, akamwambia kwa furaha kubwa, "Baba Endrina! Tumeshalipa! Heberto kakubali, kabeba kwa niaba yako, kanisani kule kule. Haya, kitendawili!"

Nerio alimtazama. Akageuza kichwa, au kichwa kiligeuka chenyewe, kuelekea mlangoni ambako hapakuwa na mlio wa ngoma hata mmoja. Mtu aliyepiga ngoma hizo tangu utoto hadanganywi kwamba zimepita. Chozi likamtoka, likarushwa huko na mtikiso wa shingo. Akabana meno.

"Nitabeba mimi," alisema Endrina.

Alikuwa mlangoni, aproni ya bandani bado kiunoni.

"Hakuna aliyekuita," Maglene akamaka.

"Ananiita yeye tangu jana, ila hana sauti."

"Endrina, sikiliza. Baba yako anaumwa, kichwa chake kimeng'ang'ania kitu kimoja. Kesho atasahau."

"Kesho atakuwa amekufa njaa, mama."

"Watakutazama!" Hilo lilimtoka Maglene kwa ukali asioutaka. "Kijiji kizima. Watakutazama miguu, watakutazama mikono. Ukijikwaa jiwe watasema. Ukikohoa watasema."

"Wananitazama tangu nilipoanza kutembea." Endrina alipiga magoti mbele ya kiti, akaushika ule mkono unaopaa, ukamburuta huku na huku, hakuuachia. "Na wewe vilevile. Sindano zote zile, ulidhani sijui?"

Maglene alikaa juu ya ndoo.

"Baba," Endrina alisema, "nitambeba. Kesho kutwa akitoka. Damu yako mimi. Sawa? Sasa kula."

Nerio alihangaika na ulimi. "O-ne," akasema. "Ni-o-ne."

"Anasema anataka aone kwanza," Maglene alitafsiri.

"Mjanja," Endrina akasema, akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha baba yake alipokuwa mzima. "Haya, utaona. Lakini maji unywe."

Alikunywa maji, yaliyokorogwa wanga yawe mazito asipaliwe. Chakula hakugusa.

*

Siku ya San Benito ilianza na jua kali na fataki za watoto. Maglene alimwogesha Nerio, akamvika shati la buluu, rangi ya mtakatifu. Lilikuwa limekuwa kubwa. Ilibidi akaze kwa pini mgongoni. Midomo ya Nerio ilikuwa imepasuka, na hata kule kucheza kwa mwili kulikuwa kumepungua, jambo lililomtisha Maglene kuliko kucheza kwenyewe. Alimsogeza kwenye kiti cha plastiki hadi mlangoni, akamfunga, akasimama nyuma yake na mikono miwili mabegani.

Ngoma zilisikika kabla ya kuonekana. Halafu bendera, halafu wale watu wa buluu na nyeupe, na juu yao San Benito mdogo na mweusi, ramu inamtiririka usoni, mkono ulioungwa umefungwa utepe ili isionekane gundi. Walioweka ahadi walipokezana chini yake, wanapinda magoti, wanarudi nyuma, wanakwenda mbele, kama mtakatifu mwenyewe ndiye anayewapeleka.

Mbele ya mlango wa Nerio, Heberto alinyanyua fimbo, akaita: "Ahadi ya Nerio! Nani analipa?"

"Damu yake!" Endrina akajibu.

Mnong'ono ulipita katika watu kama upepo katika mabati. Maglene alisikia mwanamke nyuma yake akisema, "Huyo ndiye binti?" na mwingine, "Shh, tazama."

Endrina aliingia chini ya mti wa mtakatifu. Akaukamata kwa mikono miwili, ngoma zikashuka, na, jamani, mtoto akacheza. Wapi alijifunza Mungu ndiye ajuaye. Labda jikoni kwenye harusi za watu, peke yake na masufuria. Miguu ilikanyaga palepale ngoma ilipotaka. Magoti yakapinda, mtakatifu akaelea, akainama kushoto, akainama kulia kama anayesalimia jamaa. Mtu mmoja akapiga kelele ya furaha, kisha wote. Ledis alikuwa analia na kupiga makofi kwa pamoja. "Tazameni sasa!" alipayuka. "Tazameni vizuri, mashahidi wa bure nyie!"

Nerio alitoa sauti ya juu, ndefu. Alikuwa anacheka. Maglene alihisi mabega ya mumewe yakitikisika, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kilichoyatikisa kilikuwa furaha. Naye akajisikia kitu kifuani kinafunguka ambacho alisahau kwamba kilifungwa. Hana, akajiambia. Mwanangu hana. Mwenye Ubaya hachezi hivi.

Heberto akanyanyua fimbo. Ngoma zikakatika.

Ndiyo desturi. Ahadi ikishachezwa, ngoma hunyamaza, kila mtu husimama kama alivyo, na kapteni humwaga ramu kichwani kwa mtakatifu. Mpaka tone la mwisho lifike miguuni, hakuna anayetikisika wala kukohoa. Hapo ndipo mtakatifu anapokea.

Kimya kikawa kimya. Ramu ikashuka usoni, ikashuka shingoni. Watu walikuwa wamefumba macho au wanamtazama mtakatifu. Maglene alimtazama mwanawe.

Endrina alisimama wima, kidevu juu, jasho linang'aa, miguu imetulia kabisa. Mikono ilishika mti. Na kwenye mkono wa kushoto, kidole kidogo na kinachokifuata vilikuwa vinachezacheza. Taratibu. Vikapanda, vikashuka, kama vinatafuta kitu mezani. Endrina hakuvitazama. Hakujua.

Maglene alijiambia ni uchovu. Ni uzito wa mti. Alijiambia hivyo akiwa anavijua vidole vile kama anavyojua njia ya kwake. Ndivyo vya Nerio vilivyoanza, mkono uleule, akiwa ameshika kasia.

Alipoinua macho alikutana na macho ya Heberto. Chupa ilikuwa bado inamimina, ramu ilikuwa imefika kiunoni tu kwa mtakatifu, na kapteni alikuwa ameviona naye. Hajawahi kukata kimya maishani mwake, wala baba yake kabla yake. Akaitupa chupa mchangani, akashusha fimbo kwa nguvu zote.

"Ngoma!"

Ngoma zikalipuka. Wazee wakageuka wamekasirika, mmoja akasema Heberto kazeeka, kalewa mapema mwaka huu. Heberto alipiga kama mtu anayezima moto, na chini ya kishindo kile kila mtu alitikisika, mikono, miguu, vichwa, kijiji kizima, na vidole viwili vikapotea katika watu.

*

Msafara ulipokwisha pita, Maglene alimrudisha Nerio ndani. Alichukua sahani ya ndizi iliyopondwa kwa maziwa. Hakuwa amekaa sawasawa na Nerio alishafungua mdomo. Alikula kijiko, akala cha pili, akimeza kwa shida, akingojewa, akisuguliwa koo. Katikati akasimamisha kijiko kwa macho yake.

"A-me-po-na," alisema.

"Nani, baba Endrina?"

"E-n-dri."

"Ndiyo," Maglene alisema. "Amepona. Umemlipia."

Endrina aliingia, nywele zimelowa, kicheko bado usoni, kama mtu aliyetoka kuoga baada ya safari ndefu. "Mmeniona? Mama, umeniona? Sikukosea hata hatua! Ledis anasema mwakani nitangulie mbele na bendera. Nipe maji, koo limekauka."

"Nimekuona," Maglene alisema. "Ulicheza vizuri sana."

Akainuka. Alinyoosha mkono juu ya kabati, kwenye glasi ya maua mekundu. Mkono ukafika, ukaigusa, ukasimama. Kisha ukashuka wenyewe, ukachukua kikombe cha bati, ukachota maji. Alipotanabahi, kikombe kilikuwa tayari mbele ya Endrina.

Endrina hakukipokea mara moja. Alikitazama. Akatazama juu ya kabati. Akamtazama mama yake, na kile kicheko kikaondoka usoni taratibu, bila kelele, kama mgeni aliyetambua kwamba wenyeji wamechoka. Akaiweka mikono yake mbele yake, akaitazama, upande wa juu na upande wa viganja. Nje ngoma zilikuwa mbali sasa.

Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa maji yote.

"Mama," alisema, akifuta mdomo. "Sindano ya kesho tunga mwenyewe."

Nyuma yao Nerio alitoa sauti. Alikuwa ameshiba furaha lakini tumbo bado, na alikuwa anaomba kwa njia waliyoizoea.

"Te-e-ga," alisema, na mdomo ukabaki wazi.

Maglene alirudi kwenye ndoo yake, akakaa, akashika kijiko. Alitafuta kitendawili. Alitafuta cha kaa, cha nyavu, cha radi za ng'ambo ya ziwa zinazowaka kila usiku bila mtu kulipia mafuta, vyote alivyowahi kumtegea. Kilichomjia kilikuwa kimoja tu, kile cha watoto wa nje.

Akamlisha hivyohivyo, kimya.